Kumvalisha Samaki Mbele ya Mama

Nyinyi vijana mnaokaanga samaki huku simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, hamjambo? Nimewaona. Mnaweka muziki, mnamnyunyizia samaki unga kutoka juu kama padri na maji ya baraka, mnamtumbukiza kwenye mafuta ambayo hayajapata habari kwamba yanatakiwa kuwa moto, halafu mnasema "crunchy kabisa" kabla hamjatafuna. Hongereni. Mimi nilikaanga samaki Karagita, kule Naivasha, mpaka magoti yakakataa kusimama, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunipigia makofi. Kwa hivyo mkitaka kusikiliza, ketini. Msipotaka, simu yenu iko hapo.

Naitwa Kamau, na jina hilo tayari limewaambia shida ilikuwa wapi. Mimi ni wa Subukia. Nilizaliwa kwa kahawa na ng'ombe wa maziwa, katika nyumba ya Wakikuyu ambamo samaki alikuwa nyoka aliyebahatika kujua kuogelea. Nilienda Naivasha kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, nikaikosa, njaa ikanifikisha kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki kando ya njia ya wafanyakazi. Habari zilifika nyumbani kabla sijajua hata kupara magamba. Mama yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Hiyo mikono haitanipa kitu nikaweka mdomoni."

Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Woi! Tangu siku hiyo hakuwahi kunywa hata maji kutoka mkononi mwangu. Akija kunitembelea alibeba kikombe chake kwenye kiondo. Mke wangu alipokuwa hai ndiye alimpikia, na mimi nilifukuzwa jikoni, nikae huko nje kama mgonjwa wa surua. Siku ya harusi yangu mama alicheza, akaimba, akabariki, kisha akaenda kula kwa jirani kwa sababu niliwahi kuonekana nikishika sufuria.

Watu wengine wakistaafu wanataka gari, wanataka kuoa tena, wanataka kugombea udiwani. Mimi nilitaka kitu kimoja: mama ale kitu kutoka mkononi mwangu kabla hajaniacha. Ilikuwa inaniuma, na msinione nikicheka mkadhani haikuwa inaniuma.

Lakini wacha kwanza niwaambie kuhusu maji, kwa sababu nikiwaacha hivi hivi mtaenda kujiunguza.

Yule mama aliyenifundisha kazi aliitwa Mama Achieng', mwanamke mpana, mchache wa maneno, ambaye angeweza kukutukana kwa kukutazama. Siku yangu ya kwanza alinipa karai, akaniambia nikaange, akaenda kununua makaa. Mimi, msomi wa darasa la nane, nikatoa samaki kwenye beseni la maji, nikamtupa moja kwa moja kwenye mafuta yanayotoa moshi. Mliwahi kusikia mvua ya mawe kwenye bati? Wateja walitawanyika. Kuna mwanamke alikimbia na kiatu kimoja. Mama Achieng' aliporudi alikuta nyusi zangu hazipo, akanitazama, akasema, "Samaki aogopa taulo?" Basi. Hilo ndilo lilikuwa somo zima, na sijalisahau. Mkaushe samaki. Mkaushe nje, mkaushe ndani ya tumbo, mkaushe kwenye zile chale ulizomkata mgongoni, umwache apigwe na upepo kidogo. Unga hauwezi kushika kitu kilicholowa, na mafuta hayapendi maji, yatakuambia.

Sasa kule Naivasha kuna samaki mmoja mnene, mwenye miiba mingi ajabu. Watu wa mjini wanamdharau. Mama Achieng' alimkata chale za karibu karibu, mpaka kwenye mfupa, ndipo mafuta yaingie na miiba midogo ikauke, uitafune kama bisi. Ukimkata chale za mbali mbali kwa sababu unataka apendeze kwenye picha, utampeleka mgeni wako hospitali, na picha yako iwe ushahidi.

Kosa langu la pili lilikuwa unga. Siku hizo Mama Achieng' hakuweka unga kabisa, samaki alienda kwa mafuta akiwa kama alivyozaliwa. Mimi nikaona niboreshe biashara. Nikakoroga unga wa ngano mzito, nikamvika tilapia mpaka akanenepa. Alikuja kijana mmoja kutoka shifti ya maua, mikono bado ina rangi ya majani, akauma, akatafuna, akatafuna tena, akaniuliza, "Boss, hii ni chapo ama ni nini? Na mbona chapo yako iko na miiba?" Wenzake walicheka mpaka wakashikana mabega. Jina la Chapo Miiba, chapati yenye miiba, lilinifuata miaka mingi. Kuna watu wazima na heshima zao, wazee wa kanisa, mpaka leo wakiniona Naivasha wananiita hivyo.

Ngano peke yake inafanya hivyo. Inafura, inalainika, inakunywa mafuta kama haijawahi kuyaona. Ukitaka ganda linalolia ukiliuma, changanya na kitu chenye chenga: unga wa ugali, semolina, hata mchele uliosagwa. Na ukimtoa kwenye karai usimfunike. Haki ya nani, usimfunike! Mnakaanga vizuri, halafu mnamlaza kwenye sahani, mnafunika na sahani nyingine ati asipoe. Mvuke utaenda wapi? Utarudi kwenye ganda, na mtakula matambara. Mwegemeze kwenye waya, apumue pande zote mbili.

Niliacha kazi wakati magoti yalianza kunijibu vibaya, nikahamia kwa binti yangu Shiru. Shiru anafanya kazi ya benki, anakaa Milimani, mjini Nakuru, mahali ambapo mbwa wana mtu wa kuwatembeza na watu wanatembea peke yao. Sikuwa na kazi. Unajua mtu aliyezoea moto akikosa moto anakuwaje? Nilikuwa naamka, naoga, nasoma maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti ya majani ya chai. Mwishowe nikachukua jiko la makaa, nikaliweka nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, nikaanza majaribio.

Na mimi nilijaribu, wacha wale wa simu. Nilisaga krisps za viazi, zikatoka vizuri, lakini chumvi yake ilinifanya ninywe maji ya kutosha kunywesha ng'ombe. Nilisaga biskuti. Msisage biskuti. Sukari inaungua nje wakati samaki ndani bado anafikiria kuiva, unabaki na kitu cheusi chenye roho mbichi. Nilisaga njugu, zikaungua nazo. Nilikausha chapati za jana, nikazisugua kwa mikono zikawa chenga, nikatia tangawizi, kitunguu saumu, dania na pilipili manga, na hiyo, jamani, ilikuwa chakula cha mtu aliyebarikiwa. Shiru alikula samaki wawili akiwa amesimama, na viatu vya ofisi miguuni. Jirani wa upande wa pili aliniita kwenye ua. Nilidhani anataka kulalamika juu ya moshi na nguo zake. Alikuwa amebeba sahani.

Kwa hivyo nilikuwa sawa. Karibu niridhike. Halafu mama akaanza kuumwa magoti, hayo magoti ni ya ukoo, na kliniki ikawa Nakuru, na ikaamuliwa akae kwetu mpaka matibabu yaishe. Akashuka kwenye gari na kiondo chake, kikombe chake, sufuria yake, na ndoo ndogo yenye kifuniko aliyoishika mapajani njia nzima kutoka Subukia. Ndani kulikuwa na unga wa wimbi na mahindi aliouloweka ili upate kuchacha, kwa ajili ya uji wake. Mama haamini mtu mwingine kuuchachua. Aliuweka pembeni mwa jiko la gesi, akakagua jikoni kwa macho, akanigeukia.

"Kamau, bado unashika hao wanyama?"

"Nilistaafu, Maitu," nikamjibu mama.

"Mbona nyumba inanuka ziwa?"

Akatoa sheria. Samaki asiingie jikoni yeye akiwepo. Na mimi nisimletee chai, Shiru ndiye alete. Ikawa hivyo. Asubuhi binti yangu anakimbia kazini, nywele hazijachanwa, lakini lazima amchemshie nyanya yake, Cucu kama anavyomwita, chai, wakati mimi mwanaume mzima nimekaa kwenye kiti sina kazi duniani. Siku moja Shiru alichelewa, mama akakaa bila chai mpaka saa sita. Nilimsihi. Nilimwambia nimenawa kwa sabuni. Akasema, "Sabuni ni ya uchafu." Sijui mnaelewa hilo neno. Mimi nilielewa, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa karibu na jiko langu bila kuliwasha.

Shiru ndiye alikuja na wazo. Huyo mtoto nampenda, lakini amesomea benki.

"Dadi, si umkate vipande vidogo, utoe miiba, umpake zile chenga zako za chapo? Cucu atadhani ni kuku."

"Nimdanganye mama yangu?"

"Si kudanganya. Usiseme tu. Akiuliza, utamwambia."

Nikalala na hilo wazo. Nikaamka nalo. Nikajiambia kwamba mtu akila kwanza, akaona ni tamu, hasira itaanzia wapi? Mkisikia kichwa chenu kinaongea hivyo, kipigeni kofi. Mimi sikukipiga. Nilinunua samaki mzuri, nikatoa ngozi, nikatoa miiba, nikatupa kichwa mbali kabisa mama asije akakiona. Nikamlaza kwenye ndimu na tangawizi. Nikamvika unga mkavu, nikamchovya kwenye yai, nikamgaragaza kwenye chenga za chapati, nikarudia tena, mpaka vipande vikawa vinene, vya dhahabu, havina sura ya kiumbe chochote kinachojulikana. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya na mikono hii. Mama Achieng' angeniangalia mara mbili.

Shiru ndiye aliyepeleka sahani, mimi nikajificha kwenye korido. Mama alichukua kipande. Akakigeuza. Akakinusa. Akakirudisha polepole.

"Kichwa chake kiko wapi?"

Shiru akatoa macho. "Cucu?"

"Mnyama huyu. Kichwa chake kiko wapi, na ngozi?"

"Aki Cucu, hiyo ni... wanauzanga hivyo, vipande."

"Shiru," mama akasema, "kule kwetu, nyama ikiletwa jioni haina kichwa na haina ngozi, tunajua kuna boma halijalala. Mwizi ndiye huficha kichwa, mwenye ng'ombe asimjue ng'ombe wake. Mwite baba yako. Najua amesimama kwenye mlango."

Nikatoka. Nina wajukuu, nina mvi, lakini nilitoka nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Ni samaki," nikasema.

"Najua ni samaki. Ulidhani uzee umenila pua?" Akasukuma sahani. "Miaka yote hiyo nilikuwa nasema, Kamau anashika kitu kibaya, lakini anakishika wazi, mbele za watu, bila aibu. Leo umeniletea kitu umekifunga nguo ili nisikijue. Sasa hapo ndipo umenikosea."

Mimi nimeunguzwa na mafuta mara nyingi, nina alama mpaka kwenye shingo. Hakuna iliyoniingia kama hiyo. Wateja waliniita Chapo Miiba, watu wa kijiji waliniita mla nyoka, yote nilicheka. Lakini huyu mama, aliyenikataa miaka yote, kumbe kulikuwa na kitu kimoja alichokuwa ananiheshimia, na mimi nilikuwa nimekitupa pamoja na kile kichwa. Sikula siku hiyo. Vile vipande vilienda kwa jirani, ambaye hakuuliza habari za kichwa.

Kesho yake nilitoka mapema nikaenda soko, nikanunua tilapia mzima, mwenye macho yake, mkia wake na aibu zake zote. Nikampara, nikamkata chale, nikamkausha kama nilivyofundishwa. Nikawasha jiko nyuma ya nyumba. Kisha nikaingia ndani nikasimama mbele ya mama.

"Maitu, leo nakaanga samaki. Ana kichwa. Nitakuwekea kiti nje, ukipenda uje uone kazi yangu, usipopenda ukae. Sitakuomba ule."

"Kiti kiwe mbali na moshi," akasema.

Nikampeleka nje pole pole, nikamkalisha. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuniona kazini. Nikashika unga wa ngano nikampaka samaki kidogo tu, utandu, kisha nikasimama. Chenga za chapati zilikuwa zimeisha jana. Krisps sikuwa nazo. Nikatazama jikoni kupitia mlango, na nikaona ile ndoo.

Mimi sikuichukua, muikumbuke hiyo. Nilikuwa nimeshiba adabu jana yake.

"Maitu, naomba unga wako wa uji. Upawa mmoja."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kumvalisha samaki."

"Ngai!" Akapiga magoti yake kwa mikono, akasahau kwamba yanauma. "Uji wangu? Wanaounywa wagonjwa, waliojifungua, uji niliokulea nao, uvalishe nyoka?"

"Ndiyo."

"Una wazimu."

"Pengine."

Nikasikia makaa yakipasuka. Halafu akasema, "Chukua. Usiukoroge. Mwaga maji ya juu, chukua ule mzito wa chini. Nataka nione huo wazimu ukiisha."

Sikilizeni vijana, hapa ndipo pa kuandika, kama bado mnajua kuandika. Unga wa wimbi na mahindi uliochacha, kabla haujapikwa, ukimwaga maji ya juu, unabaki na kitu kizito, cha rangi ya udongo, kichachu kuliko ndimu. Nikautia pilipili manga na kitunguu saumu kilichopondwa, nikamchovya samaki aliyekwisha kupakwa unga mkavu ili ule uji upate pa kushika. Nikatupa tone moja kwenye mafuta, likapanda juu likicheza. Mafuta yakisema hivyo, yako tayari. Nikamshika samaki mkiani, nikamlaza kuelekea upande wa mbali na mimi, polepole. Na sikumgusa. Wengi mnaharibia hapo, mnamgeuza geuza, ganda linabaki kwenye karai. Mwache. Yeye mwenyewe ataachilia.

Harufu ilipopanda, mama alinyoosha shingo. Ilikuwa harufu ya jikoni kwake. Ya wimbi linaloungua kidogo kwenye ukingo wa chungu. Aliijua kuliko mimi.

Nikamtoa. Ganda lilikuwa la kahawia nzito, limejaa vijishimo, na kichwa kiko palepale, kinatuangalia wote wawili. Nikamwegemeza kwenye waya apumue. Mama akasogeza kiti. Nani alisema magoti yanauma?

"Hicho kinacholia ni nini?" akauliza, maana ganda likipoa linatoa sauti ndogo ndogo.

"Ni uji wako."

"Uji haulii."

"Huu unalia."

Nikavunja kipande cha ganda mgongoni, ganda tupu, nikakishika kwa vidole. Sikutafuta sahani, sikutafuta uma. Nikamnyooshea mkono. Mkono wangu huu, wenye alama zote hizi. Mama alikitazama kile kipande, akautazama mkono, akanitazama mimi, na nikaona anafikiria miaka mingi kwa mara moja. Kisha akakichukua kutoka kwenye vidole vyangu akakitia mdomoni.

Alitafuna kwa muda, maana meno si mengi. Akameza. Hakusema ni tamu, yeye si mtu wa kusema hivyo. Alinyoosha mkono tena, akataka kingine. Nikampa. Akataka kingine. Akamaliza mgongo, akaamuru nimgeuze samaki, akamaliza upande wa pili, akachokonoa hata mashavuni, mpaka samaki akabaki uchi kwenye waya, mweupe, hajaguswa nyama hata kidogo.

"Sasa huyo wa ndani," mama akasema akifuta vidole kwenye leso, "kula wewe. Ni mnyama wako."

Nikamla. Nilikaa chini kwenye sementi karibu na kiti chake, nikamla yule samaki aliyevuliwa nguo, na nikalia. Kulikuwa na moshi, lakini msinisaidie na moshi. Nililia kwa sababu mama yangu alikuwa amekula kutoka mkononi mwangu na mimi nilikuwa bado niko hai kuona. Machozi yalishuka mpaka kwenye samaki, nikaendelea kula.

Mama akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Wacha kulia, Kamau. Chumvi ilikuwa inatosha."